Kesho ya Mzee Fundi

Simu ililia nikiwa ghalani Mesquite, nje ya Dallas, saa ya chakula, nimekaa juu ya paleti na wali wangu wa jana. Namba ilikuwa ya Houston. Nilidhani ni mtu wa bima, nikapokea huku natafuna. Mwanamke akauliza kwa Kiswahili cha Nairobi, "Ni Yusufu?" Sauti niliitambua mara moja ingawa ilikuwa imezeeka. Kilichonishtua ni jina. Mwaka mzima niliofanya kazi nyumbani kwake, mwanamke huyu hakuwahi kuniita Yusufu hata mara moja.

"Anti Manjit," nikasema.

"Nauza nyumba. Nimepata daftari lako, lile la dawa za Baba. Nimeligeuza nyuma. Siku ya mwisho Baba alikuambia nini? Na wewe ukamjibu nini?"

"Si nimeandika humo?"

"Umeandika. Lakini naona hukujua ulichoandika. Njoo, tafadhali. Hili si jambo la simu."

Kutoka Mesquite hadi kwake Sugar Land, pembeni mwa Houston, ni saa nne za barabara kama huna haraka, na mimi kwa miaka zaidi ya ishirini sijapata haraka ya kurudi kule. Nimeishi Fort Worth, Arlington, Garland, nikarudi Fort Worth, na sasa Mesquite. Kila nyumba nakaa mpaka nizoee sauti ya jokofu lake, kisha nahama. Watu wa Mombasa tukikutana kwenye Idi huniuliza, "Wewe Yusufu, bado hujatua?" nami hucheka nao. Vitu ninavyohama navyo vikaingia kila nyumba ni vitatu: mkeka wa kuswalia, sufuria ya chai, na kipande cha mti chenye umbo la kabari, urefu wa kidole changu cha kati, kilichochongwa na mtu aliyejua kuchonga. Wageni wakiuliza nasema ni cha kuzuia mlango, na sisemi uongo.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekuja Texas kusoma, na chuo kimenishinda muhula wa pili tu. Nilipanga Alief, mtaa wa Houston, na Barasa, Mluhya wa Bungoma aliyenizidi miaka mitano, ghorofa ya pili, chumba kimoja, magodoro mawili juu ya zulia lililonuka vitunguu vya wapangaji waliotutangulia. Yeye alikuwa akienda kanisani Jumapili na mimi msikitini Ijumaa, lakini ugali tulisonga sufuria moja, unga tukinunua kwenye duka la Wameksiko. Tukishakula tulikuwa na mchezo wetu mmoja, nao ulikuwa kugombana juu ya Pwani. Enzi za Mwingereza ukanda wetu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani kwenye karatasi na wa Mwingereza kwa bunduki, na uhuru ulipokaribia walikuwapo wazee waliotaka ukanda huo ubaki peke yake, usiingizwe Kenya. Mimi nilizaliwa baadaye sana, lakini nililibeba jambo hilo kama vile ni mimi niliyenyang'anywa.

"Wangechora mstari pale Mariakani wakamaliza," nilikuwa nikisema. "Nyinyi huko, sisi huku. Kila mtu na dini yake na mambo yake."

"Sasa mimi nikitaka kuogelea Nyali nita-apply visa?"

"Ungepewa ya siku tatu."

"Na mkinipata na bia?"

"Fimbo."

"Basi wacha nibaki na mto wangu Nzoia, buda. Hauniulizi dini."

Tulicheka sana. Nayaandika haya kwa sababu nataka ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipoona tangazo kwenye ubao wa duka la Kiafrika pale Alief: anatafutwa mtu anayejua Kiswahili, wa kukaa na mzee mchana, Sugar Land. Nilimwomba Barasa anipeleke, kwa kuwa sikuwa na gari na kule bila gari huendi popote. Aliniacha mbele ya nyumba ya matofali yenye nyasi zilizokatwa kama nywele za mwanajeshi, akasema, "Ukiona wanataka figo, piga simu."

Hawakutaka figo. Jikoni palikuwa na harufu ya chai ya tangawizi iliyochemshwa na maziwa, harufu ya kwetu kabisa, na mwanamke wa Kikalasinga wa miaka arobaini na kitu, mfamasia, amevaa sare ya hospitali. Alinieleza wima, akitazama saa. Baba yake alikuwa fundi wa mbao kwenye karakana za reli Nairobi kwa miaka mingi. Sasa akili yake inafifia. Kiingereza kimemtoka chote. Kipunjabi kimebaki cha chakula na sala tu. Lakini Kiswahili, Mungu ndiye ajuaye kwa nini, kimerudi, na mchana kutwa anaongea peke yake kwa Kiswahili hapa nyumbani ambapo hakuna wa kumjibu.

"Unaitwa nani?"

"Yusufu."

Aliweka kikombe chini. "Mwislamu?"

"Ndiyo."

"Sikiliza. Mimi sina shida. Nimekulia Ngara, rafiki zangu nusu walikuwa Waislamu. Lakini Baba alitoka upande wa India ambao sasa ni Pakistani. Wazungu walipoondoka waliikata nchi vipande viwili kwa dini, na kijiji chao kikaangukia upande usio wao. Alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa Kenya, kwenye reli. Aliyoyaona kule hajawahi kutuambia. Ninachojua ni kwamba akisikia salaam anatetemeka." Akanisogezea sahani ya biskuti. "Humu ndani utakuwa Joseph. Si ni jina lile lile?"

Nikasema ndiyo, ni jina lile lile. Jioni nilipomsimulia, Barasa alinyanyua mikono miwili: "Mtakatifu Joseph! Maria hajambo? Punda amekula?" Nilicheka. Lakini nilipotawadha kwa sala ya magharibi nilijitazama kwenye kioo cha bafu nikahisi kama nimeazima shati la mtu na limenitosha.

Mzee Fundi, ndivyo nilivyomwita, alikuwa mrefu, kilemba cheupe nyumbani, ndevu kama pamba, na mikono isiyotulia. Binti yake alimpa vipande vya mti laini na kisu kidogo butu, naye mchana wote alichonga kabari. Hakuchonga kingine. Zilikuwa chini ya kila mlango, kwenye mifuko ya makoti, kwenye kopo la sukari. Mlango wa chumba chake ulikuwa umeondolewa kitasa na komeo ili asijifungie, lakini kwa kabari moja aliufunga kuliko kufuli. Siku ya kwanza alinionyesha mbili, moja kila kiganja. "Hii napasua gogo," alisema, "hii nafunga mlango. Mti moja, kazi mbili." Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, w yake ikiwa v, na kitenzi kwake hakikuwa na wakati. Kilichopita, kilichopo na kijacho vyote vilikuwa "nakuja," "nafunga," "nakula." Kukataa kulikuwa "hapana." Nilikizoea kwa siku mbili. Nilidhani nimekielewa.

Tulikuwa na taratibu zetu. Asubuhi nilisimama nje ya chumba nikapiga hodi, maana nilikatazwa salaam na "good morning" haikuwa na maana kwake. "Hodi, Mzee Fundi!" Naye kutoka ndani, kwa sauti ya mtu mwenye nyumba: "Karibu!" Kisha nikamsikia akiinama kwa kuguna, akichomoa kabari. Saa sita nilimsongea ugali mdogo na dengu, na achari ya embe pembeni. Alikula kwa vidole vitatu akinisimulia wenzake wa karakana, Mkamba mmoja aliyeweza kukunja msumari kwa meno, Mgoa aliyelewa akalala ndani ya kabati alilolitengeneza mwenyewe. Alikuwa mcheshi. "Kalasinga hapana zeeka," aliniambia, "nakauka tu, kama mbao nzuri."

Halafu ikifika alasiri, jua likiingia kwa dirisha la magharibi, alibadilika. Alichukua kiti akakisukuma mlangoni, akaketi akiuelekea, na kuanza.

"Kesho vatu nakuja."

"Watu gani, Mzee?"

"Vengi. Kesho nakuja, nagonga, nasema salaam."

Nami, kwa upole wa mtu anayemtuliza mgonjwa, nikamwambia, "Hapana Mzee. Kesho hakuna mtu atakayekuja. Kesho hakuna kitu chochote."

Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate. Siku nyingine alipiga mkono wa kiti: "Nakuja! Veve najua nini? Kesho nakuja!" Siku nyingine alilia bila sauti. Mimi nikazidi kumhakikishia. Kila alasiri, miezi na miezi, nilimwambia mzee yule kwamba kesho hakuna kitu. Nilijivunia uvumilivu wangu.

Binti yake alitaka niandike kwenye daftari kila siku: amekula nini, dawa saa ngapi, ametoka haja. Hayo niliyaandika mbele. Lakini nililigeuza daftari, na nyuma yake nikaanza kuandika kwa ajili yangu maneno ya Mzee na majibu yangu, kwa sababu yalinichekesha na kunitisha, na kwa sababu Alief sikuwa na cha kuandika. *Kesho mimi naweka kabari. Kesho Bibi navaa buibui.* Hilo la buibui nilimsomea Barasa tukacheka mpaka chai ikamtoka puani. Bibi nilidhani ni marehemu mkewe, yule mama wa kwenye picha ya sebuleni mwenye nywele nyeupe na miwani. Kalasinga amemvisha mkewe buibui! "Ni Mombasa imemwingia," Barasa alisema. "Mmemwambukiza."

Kosa langu lilikuja mwezi wa tano au wa sita wa kazi. Sisi watu wa Pwani neno "kesho" halikai peke yake mdomoni. Ukilitaja, ulimi wenyewe unaliongezea mwenzake. Miezi yote ile niliuma meno. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, mvua ilikuwa imenyesha, Mzee akasema, "Kesho nakuja," nami nikajibu nikikunja nguo zake, "Hawaji, Mzee, inshallah."

Mikono yake ilitulia. Hilo sikuwa nimewahi kuliona.

"Veve Musulmani," alisema.

Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akaniashiria nitoke, na mlango ukafungwa. Nikasikia kabari ikigongwa kwa kisigino cha mkono, mara moja, mbili, tatu.

Manjit alirudi jioni akamkuta baba yake hajala. "Joseph," aliniambia, "nilikuomba kitu kimoja tu. Kimoja." Angenifukuza siku ile, lakini kesho yake alikuwa na zamu, na mzee alikataa kumfungulia hata yeye. Siku mbili hakula ila maji na biskuti alizopitishiwa na binti yake kwenye upenyo. Mimi nilikaa kwenye zulia la ukumbini nje ya chumba, mgongo ukutani, sahani ya dengu ikipoa magotini. Kila baada ya muda nilipiga hodi bure. Niliwaza, kama hatanifungulia nitaacha kazi, na kama atafungulia jina la uongo, basi amemfungulia nani? Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, nilipiga hodi kwa mazoea tu. Akauliza kutoka ndani:

"Nani?"

Jina la Joseph lilikuwa tayari mdomoni. "Yusufu," nikasema.

Nikasikia kuguna kwake, na mti ukikwaruza sakafu. Mlango ulifunguka kiasi cha uso. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Yusufu mzuri," alisema. "Yusufu natupwa kisimani."

Kisa hicho tunakijua sote, nikafurahi kwamba na yeye anakijua. "Ndiyo Mzee. Lakini alitolewa."

"Bibi hapana tolewa," alisema, akachukua sahani.

Tangu siku ile nilikuwa Yusufu mchana na Joseph jioni, na aliyeitunza siri hiyo ni Mzee mwenyewe, ambaye hakuweza kukumbuka kama amevaa viatu. Gari la binti yake likiingia alinikonyeza na kusema kwa sauti kubwa, "Josef! Leta chai!" Hata leo sijui alikuwa akimkinga nani.

Siku moja nilimsimulia ugomvi wangu na Barasa, habari ya maili kumi na mstari wa Mariakani. Nilidhani nitamfurahisha fundi kwa hoja iliyonyooka. Alichukua penseli yake bapa ya useremala, akavuta mstari juu ya meza ya kulia ya Manjit, mbao ghali, kutoka ukingo hadi ukingo. Ulipita chini ya sahani yangu, ukapita juu ya mkate wake.

"Mzungu nachora hivi," alisema. "Yeye hapana jua jikoni ya mama iko wapi. Halafu yeye napanda meli, nakwenda. Sisi nabaki na visu."

Niliisugua meza ile kwa sabuni nusu saa kabla ya Manjit kurudi. Sikumwambia Barasa tena habari ya mstari. Alinichokoza siku kadhaa, "Vipi visa yangu?" mpaka akachoka.

Mwisho wa mwaka kifua kilimshika. Wakaleta kitanda cha hospitali na mashine ya hewa iliyohema usiku na mchana kuliko yeye mwenyewe. Hakuweza tena kushika kisu, lakini alikuwa na kabari moja mkononi, akiigeuzageuza. Alasiri ya siku yake ya mwisho jua liliingia kama kawaida, nami nilikuwa nimekaa mlangoni, pale alipokuwa akikaa yeye. Aliniita kwa kidole. Niliinama mpaka ndevu zake zikanigusa sikio.

"Yusufu. Kesho Bibi nagonga. Mimi hapana fungua."

Kwetu mtoto hufundishwa mapema: maiti wako akikuita ndotoni, usiitike, akikubishia hodi, usifungue, maana amekuja kukuchukua. Nilijua mkewe amemjia. Nikamshika mkono nikamwambia kwa moyo wangu wote, polepole, kwa Kiswahili chake ili kimfikie:

"Vizuri, Mzee. Hapana fungua. Bibi akigonga, wewe hapana fungua. Ni vizuri hivyo."

Alinitazama. Hakuwa na usahaulifu machoni, alikuwa na akili zake zote. Kisha akasema, "Haya," akaniwekea kabari kiganjani, akageuza uso ukutani. Hakunigeukia tena. Alifariki alfajiri, binti yake yuko naye. Usiku ule kabla sijalala nilikuwa nimeyaandika maneno yale nyuma ya daftari, nikaliacha siku ya mazishi mezani kwao, na baada ya wiki chache nikapanda basi la Dallas. Niliwaambia watu nimechoka na joto la Houston.

Nyumba niliikuta imejaa maboksi. Manjit ana nywele nyeupe sasa, na miwani kama ya mama yake pale kwenye picha. Alinipa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha karatasi, maana vikombe vilikwisha kufungwa, tukakaa kwenye meza ile ile. Nilitafuta mstari wa penseli kwa vidole. Ulikuwapo, hafifu, pale nilipodhani nimeufuta. Aliweka daftari kati yetu, upande wa nyuma ukiwa juu.

"Nimesoma humu kwamba alikuita Yusufu," alisema.

"Alijua, Anti. Tangu ile siku ya inshallah."

"Na akakufungulia."

"Akanifungulia."

Akavua miwani. "Unajua Kipunjabi hata kidogo?"

"Hapana."

"Kwetu 'kal' ni jana. Na 'kal' ni kesho. Neno moja. Unajua ni ipi kwa kitenzi. Baba alipofika Nairobi, wenzake wa karakana walimfundisha 'kesho,' naye akaiweka mahali pa 'kal.' Yote mawili. Tulikuwa tunamcheka tukiwa wadogo. Anasema, 'Kesho nakula samaki,' na miiba iko kwenye sahani." Alijaribu kutabasamu. "Na kitenzi chake cha Kiswahili, wewe mwenyewe unakijua."

Nilikuwa nimeanza kuelewa kabla hajamaliza. Alichukua penseli, akafungua ukurasa wa kwanza, na kwa mkono wa mfamasia, bila haraka, akakata neno "kesho" na kuandika juu yake "jana." Akasoma kwa sauti. *Jana watu walikuja.* Akakata tena. *Jana walikuja, waligonga, walisema salaam.* Ukurasa baada ya ukurasa. *Jana mimi niliweka kabari.* Chini ya kila mstari kulikuwa na jibu langu, kwa mwandiko wa kijana anayejipenda: *Nimemwambia kesho hakuna mtu. Nimemwambia kesho hakuna kitu.* Hayo hakuyasoma kwa sauti, lakini aliyaona, nami nilimwona akiyaona. Mwaka mzima mzee yule alikuwa akitoa ushahidi, na mimi kila alasiri nilimjibu kwamba hakuna kilichotokea.

"Mbona hakukuambia wewe, kwa Kipunjabi?" nilimuuliza.

"Kwa Kipunjabi wangemsikia," alisema. Hakusema akina nani.

Tukafika kwa Bibi. "Huyu si Mama," alisema. "Baba alikuwa na dada mkubwa. Alimwita Bibi, ni heshima kwetu. Tuliambiwa alikufa kwa homa njiani." Aliikata "kesho" pale. *Jana Bibi alivaa buibui.* Tulikaa pale tukiunganisha, yeye akiwa na vipande viwili alivyosikia utotoni kwa shangazi zake, mimi na vile ambavyo sikuwa nimeviandika, na kidogo kidogo habari ikasimama mezani. Msichana alikuwa nyumba ya jirani Mwislamu siku genge lilipoingia. Mama wa nyumba ile akamvisha buibui lake ili apite kati ya watu mpaka kwao. Akafika. Akagonga. Nyuma yake uchochoroni kulikuwa na watu, kwa hiyo hakuweza kutaja jina lake wala kusema neno la kwao. Alisema la pekee lililokuwa salama kulisema. Akasema salaam. Na ndani, nyuma ya kabari, kijana wa miaka kumi na sita aliyeachiwa ajuza na watoto alisikia salaam, akadhani ni wao.

"Halafu kisima," Manjit alisema.

"Halafu kisima."

Nje mtu alikuwa akikata nyasi. Tulimsikiliza akienda na kurudi. "Usifikiri sisi tulikuwa wema," alisema baadaye. "Wajomba zake Baba walivuka mpaka, na upande wa pili walikuwa wao walio nje ya milango ya wengine. Hilo shangazi zangu hawakulificha. Walilisema wakichambua mchele."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari miwili tu. *Kesho Bibi nagonga. Mimi hapana fungua.* Na chini yake: *Nikamwambia vizuri, asifungue.*

Penseli ilisimama juu ya neno. Nilingoja alikate. Hakulikata. Aliiweka penseli chini, akaunganisha mikono.

"Ukweli, Yusufu. Uliposema hivyo, alifanya nini? Alilia?"

Njia nzima kutoka Mesquite nilikuwa nimejiandaa kwa swali, ingawa sikujua litakuwa lipi. Ningeweza kumwambia alitabasamu. Ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, anahama, nani angeumia?

"Alisema 'haya,'" nikasema. "Akanipa kabari. Akageukia ukutani."

"Kwa hiyo alimwambia mtu anayeitwa Yusufu kwamba hakumfungulia dada yake. Na Yusufu akamwambia, vizuri."

"Ndiyo, Anti."

"Huo ni msamaha," alisema, "au ni nini?"

Alifunga daftari akanisukumia. Kwenye ukurasa ule wa mwisho aliiacha "kesho" kama ilivyo, na sikumuuliza sababu. Pale mlangoni alisema watu walionunua nyumba wamelalamika kwamba milango haikai sawa, yote ina michubuko chini.

Daftari ninalo hapa Mesquite, juu ya jokofu, pamoja na kabari. Masahihisho ya Anti Manjit ni ya penseli na yameanza kufifia, na jibu langu ni la biro. Jioni nikirudi kazini hulifungua kwenye mistari ile miwili. Nimejaribu kuisoma kwa jana, nimejaribu kuisoma kwa kesho. Kote mlango umefungwa, na aliye ndani akisema usifunguliwe ni mimi.